Madigadi ya Kulia

Boksi lilikuwa refu kuliko meza yetu ya chakula, na lilipofunguliwa uani kwetu Mkomaindo, mjini Masasi, kitu cha kwanza kutoka kilikuwa harufu. Harufu ya mafuta meusi ya kuzuia kutu, ya karatasi ngumu, ya kiwanda cha mbali. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa amekiagiza kile kipande kutoka nje kwa watu wanaotengeneza upya bodi za magari ya zamani, alikuwa anatabasamu kama bwana harusi. Baba alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa stoo, mahali ambapo magunia ya salfa yalikuwa yanasubiri msimu wa kupuliza mikorosho. Upepo ulipogeuka, harufu zile mbili zikakutana puani mwangu. Salfa na bati. Papo hapo nikawa mtoto tena, niko kwa Bibi, kijijini Mkunya, nimejibanza nyuma ya pipa la maji, nina uhakika kamili kwamba gari linajiandaa kutukimbiza.

Nieleze kwa utaratibu, maana hata mimi nilichukua miaka kuupata.

Babu yangu mzaa baba alikuwa seremala wa misheni. Daktari mmoja wa kigeni, aliyefanya kazi Masasi muda mrefu, alipoondoka alimwachia gari lake, kwa sababu Babu ndiye pekee aliyekuwa na banda la kulilaza. Halikuwa gari la kazi. Lilikuwa gari la spoti: viti viwili, halina paa, pua ndefu, na madigadi zimevimba juu ya magurudumu ya mbele kama mashavu ya mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Babu alilipandisha hadi Mkunya, akaliendesha siku za Jumapili na za harusi za watu, kisha akafariki baba yangu akiwa bado kijana mdogo. Gari likabaki ndani ya stoo. Baba alikuwa na kumbukumbu chache za mzee wake, na iliyo wazi kuliko zote ni hii: amekalishwa mapajani, ameshikishwa usukani, wanashuka barabara ya mchanga kuelekea Newala, kuku wanaruka pembeni.

Bibi hakuwa na mashairi hayo. Yeye aliliita lile bati.

Stoo ilikuwa ya korosho, na kabla ya msimu wa korosho ilikuwa ya salfa. Mwaka baada ya mwaka magunia yalipangwa upande wa kulia wa gari, paa likavuja palepale, unga wa njano ukalowa ukayeyuka ukaingia kwenye chuma. Salfa ikikutana na maji hula chuma polepole, bila kelele. Kwa hiyo upande wa kushoto gari lilikuwa limezeeka kwa heshima, na upande wa kulia lilikuwa limeoza. Madigadi ya kulia ukiishika ilibaki mkononi kama biskuti iliyolowa chai.

Mwaka ninaouzungumzia, wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wameanza kupita vijijini na mizani yao. Walifika Mkunya, wakachungulia stoo, mmoja akalipapasa gari mgongoni kama mbuzi wa kununuliwa. Bibi akatuma ujumbe Masasi. Baba, ambaye ni fundi bodi, alifunga gereji yake, akamwacha Mama na mdogo wangu mchanga, akanichukua mimi, Neema, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Tulipofika, Bibi hakutukaribisha hata maji kwanza.

"Shikamoo, Mama," alisema Baba.

"Marahaba. Baba Neema, stoo hii ni ya nini?"

"Ya korosho, Mama."

"Haya. Korosho ya kwanza ikidondoka na lile bati limo humu ndani, nawaita wale wa mizani. Litoke kwa miguu yake au litoke vipande vipande. Utachagua mwenyewe."

Mikorosho ilikuwa bado inatoa maua. Baba aliyatazama yale maua kama mtu anayesoma tangazo la mtihani.

Akaanza kazi. Alikata chuma kilichooza chini ya milango, akachomelea vipande vipya kwa gesi iliyopanda mlima juu ya basi. Alichonga kutu, akapaka pati, ile dawa nzito ya kuzibia ya rangi ya waridi, kwenye mabonde madogo, akaisugua kwa msasa wa maji. Hapo ndipo alipogombana na Bibi, kwa sababu Mkunya maji hayachezewi. Tulikuwa tunayafuata mbali na kuyapangia foleni.

"Unaliogesha bati?" Bibi aliuliza, amesimama mlangoni na ndoo yake tupu.

"Nalilainisha, Mama."

"Hata mimi sijaoga tangu juzi, na nina ngozi."

Kuanzia siku hiyo Baba alisugua pakavu, vumbi la waridi likamjaa kwenye nyusi, na maji ya kunawia alinawia nje, mbele ya Bibi, ili ahesabiwe haki.

Injini ilikuwa nzima kuliko tulivyotegemea. Kilichomzeesha Baba ni madigadi ya kulia. Aliulizia Masasi, akaulizia Mtwara, akawaagiza madereva wa malori waulizie Dar es Salaam. Ya kwanza kuletwa ilikuwa ya pikapu. Baba aliisimamisha mahali pake, tukarudi nyuma kuitazama, na gari likaonekana kama mtu aliyeazima kiatu cha jirani. Ya pili ilifanana kidogo, ina rangi nzuri, inang'aa. Baba akatoa mfukoni sumaku yake. Alikuwa nayo siku zote, kipande cha sumaku ya spika kilichoviringishwa kitambaa na kufungwa kamba. Ikinasa, chini kuna bati. Ikiteleza, chini kuna pati tupu. Aliiweka juu ya ile madigadi, ikateleza yote kutoka juu hadi chini bila kusimama kituo chochote.

"Hii siyo madigadi," alisema. "Hili ni andazi."

Kwa wakati huo maua yalikuwa yameanza kudondoka na vikorosho vya kijani vilikuwa vinachungulia. Baba akaamua kuifua mwenyewe. Alikuwa na bati zuri alilolikata kwenye boneti la lori bovu, halikuwa gumu sana wala jepesi sana. Alichokosa ni kalibu: gogo zito lenye umbo lilelile, la kulalia bati wakati wa kuligonga kwa nyundo. Na mtu wa kuchonga gogo alikuwa mlango wa pili.

Mtu huyo alikuwa Baba Siwema, mtoto wa kaka yake Bibi, yaani binamu yake Baba. Walikuwa hawawezi kusalimiana bila kutukanana kwanza. Alikuwa mchongaji, ila siyo wa vinyago vya kuuzia wageni. Alichonga vile vinavyovaliwa kichwani na lipiko, yule mchezaji anayetoka amefunikwa nguo mwili mzima wakati vijana wanaporudi kutoka jandoni, na ambaye sisi watoto tuliambiwa si mtu.

"Binamu," Baba alimwambia, "njoo uitazame hii ya kushoto. Nataka umbo lake la mti, ila la upande wa kulia. Utaweza?"

"Nyie watu wa Masasi mnaoga kila siku, ndiyo maana akili zinachuja," alijibu Baba Siwema. "Unamwuliza Mmakonde kama anaweza mti?"

Alishinda mchana kutwa kwenye ile madigadi ya kushoto. Aliipapasa kwa viganja viwili akiwa amefumba macho, akaipima kwa kijiti alichokitia alama kwa kucha, akaingiza mkono chini yake akaupapasa na upande wa ndani. Alipomaliza akasema: "Naenda Mnyambe kukata mti. Nikirudi nitakaa kule kichakani kwangu. Asije mtu kuchungulia. Kikiisha nitakileta."

"Hata mimi?" aliuliza Baba.

"Hasa wewe."

Baba akacheka, akakubali. Ndivyo alivyofanya kazi yule bwana tangu alipofundishwa: kitu hakionwi kabla hakijatoka. Hakuna aliyeshangaa. Mimi tu.

Siwema, binti yake, alikuwa rika langu, lakini alikuwa mwenyeji na kwa hiyo alijua kila kitu. Alinivuta nyuma ya jiko.

"Baba amekwenda kichakani," alininong'oneza. "Akienda kule na kukataza watu, ni kitu kimoja tu."

"Kitu gani?"

"Lipiko."

"Lakini anachonga cha gari."

Siwema alinitazama kwa huruma. "Basi ni gari ndilo litakalotoka."

Nikafanya nilichokuja kukifanya maisha yangu yote, nikakusanya ushahidi. Baba alikuwa amelipaka gari pati usoni na mashavuni, kama anavyopakwa anayeandaliwa. Alikuwa amelitoa macho, yaani zile taa, akayafunga kwenye gazeti. Bibi alitoa kaniki yake nyeusi, akampa Baba Siwema bila kuuliza ni ya nini. Na siku moja, Baba alipokuwa ameliinua kwa jeki, niliona kwa macho yangu gari likitikisika. Yote yalielekea mahali pamoja. Babu alikufa, gari likalala gizani, sasa linaamshwa. Likiamka litacheza, na likimaliza kucheza litatukimbiza wasichana, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya lipiko.

Sikumwambia mtu mzima. Wanawake wakubwa wenyewe walikuwa wanalikimbia lipiko kwa mayowe, wangenisaidia nini? Nikaona bora nijenge urafiki mapema. Kila siku baada ya chakula nilificha kipande cha muhogo wa kuchoma, nikaingia stoo, nikakiweka ndani ya tundu la taa ya kushoto, nikasema, "Shikamoo," kisha nikatoka mbio. Halikujibu, lakini kesho yake muhogo ulikuwa umepungua. Hilo lilinitia moyo na kuniogopesha kwa kiasi kilekile.

Mabibo yakaanza kuwa mekundu. Baba alikuwa amemaliza kila kitu upande wa kushoto, amelipaka gari rangi nyekundu, na kila jioni alikaa juu ya lile bati la lori, nyundo ziko miguuni, akitazama njia ya kichakani. Kutoka huko tulisikia tezo ya Baba Siwema, ko, ko, ko, halafu kimya kirefu, halafu mkwaruzo wa kitu kinacholainishwa.

"Kalibu hailainishwi hivyo," Baba alimwambia Bibi.

"Kamwulize."

"Amekataza."

"Basi kaa."

Asubuhi moja kitu kilidondoka juu ya paa la stoo, kikabingirika, kikaanguka mchangani. Bibi alitoka, akainama, akakiokota. Bibo jekundu na korosho yake chini. Aliinyofoa ile korosho, akaiweka juu ya kizingiti cha stoo, mahali ambapo Baba asingeweza kuingia bila kuiona. Kisha akajifunga kitenge cha kutokea.

"Naenda kwa mwenye simu," alisema. "Nitapita kwanza kwa Mama Siwema kumjulia hali. Nikirudi nitakuwa nimeshawapigia."

Mama Siwema hakuwa mgonjwa. Leo ninaona wazi kwamba Bibi alikuwa anampa mwanawe saa chache. Wakati ule niliona tu kwamba anatembea taratibu kuliko kawaida.

Kabla Bibi hajapotea machoni, Baba Siwema akatokea kichakani. Alikuwa amebeba kichwani kitu kilichofunikwa kaniki, anatembea wima, na Siwema yuko nyuma yake kwa mbali, macho yamemtoka. Akakitua mbele ya stoo. Akakifunua.

Ilikuwa madigadi. Siyo gogo lenye umbo la madigadi. Madigadi yenyewe, ya kulia, imevimba panapotakiwa kuvimba, ina mkunjo wake ukingoni, ina tundu la taa la mviringo, na imekwanguliwa ndani mpaka ikawa nyembamba kama kibuyu. Alikuwa ameiinua kwa mkono mmoja.

Baba aliizunguka. Akaigonga kwa kidole. Ikalia.

"Binamu," alisema polepole, "umenichongea ngoma."

"Nimekuchongea ulichosema."

"Mimi nilitaka gogo. Zito. Nilaze bati juu yake nigonge nyundo. Hii nikiipiga mara moja inapasuka."

Baba Siwema akamtazama kama mtu anayejaribu kuelewa mgonjwa. "Sasa uipige nyundo kwa nini? Imeshaisha."

Mmoja alikuwa amekulia gereji, na kwake mti ni kitu cha kugongea. Mwingine maisha yake yote alikuwa amechonga vitu vya kuvaliwa, na kwake kitu cha kuvaliwa kikiwa kizito ni kosa la aibu. Hata mmoja hakuwa amewaza kwamba kuna namna nyingine. Na kwa kuwa kitu hakionwi kabla hakijatoka, hakuna aliyeweza kugundua mapema.

"Gogo ungelipata hata kwangu, kwenye kuni," alisema Baba Siwema, sasa akiwa amekasirika kidogo. "Hii nimeikwangua mpaka vidole vimekufa ganzi. Ivishe kwanza, ndipo unitukane."

Baba alitazama njia aliyopita Bibi. Alitazama ile korosho kizingitini. Kisha akaishika madigadi, akaipeleka kwenye gari, akaiegemeza mahali pake. Ikaingia. Haikuingia kwa kusukumwa, ilikaa tu, kama kofia inayojua kichwa chake. Mstari uliotoka mlangoni ulipita juu ya mti ukaenda hadi puani bila kukwama. Baba alipitisha kiganja, akarudia, akafumba macho akapitisha tena.

"Mh," alisema.

"Unasemaje?"

"Nimesema mh. Niletee keke."

Wakatoboa matundu ya bolti kwa uangalifu, wakakata tyubu ya baiskeli wakaweka vipande vya mpira chini ya kila bolti ili mti usipasuke ukitikiswa. Baba akaipaka rangi ileile nyekundu, mara mbili. Jua la Mkunya likaikausha. Alipofika kwenye taa ya kushoto akaingiza mkono ndani ya tundu, akautoa umejaa sisimizi na vipande vikavu vya muhogo. Akavitazama. Akanitazama.

"Lilikuwa na njaa," nilisema.

"Aa," alisema Baba, na kuendelea kufunga taa.

Bibi aliporudi alikuwa na watu. Hawakuwa wa mizani peke yao, maana habari ya kwamba lile gari leo linakatwa ilikuwa imetembea mbele yake, na wanawake wa jirani walikuja kuaga. Wakasimama uani, khanga mabegani. Wanunuzi wakashusha mizani. Ndani ya stoo kikasikika kikohozi, kikohozi kingine, moshi mweusi ukatoka mlangoni, na gari likanguruma.

Siwema alinishika mkono akautia kucha.

Likatoka. Lilitoka taratibu, pua kwanza, jekundu, mashavu mawili yamevimba, macho yote mawili yamewaka mchana kweupe, na Baba Siwema yuko pembeni anatembea kinyumenyume akilipungia kaniki, kwa mazoea tu, jinsi anavyolitoa lipiko. Wanawake walijua wanachotakiwa kufanya. Wakapiga mayowe, wakatawanyika wakicheka mpaka kwenye mihogo, kisha wakarudi kwa vigelegele, wakatawanyika tena. Mimi na Siwema tulikimbia kweli. Tulikimbia mpaka kwenye pipa la maji, na kutoka hapo nikaona nilichokuwa nimekitabiri: gari linacheza. Liliyumba kushoto, likayumba kulia kwenye mchanga, na nyuma ya usukani baba yangu alikuwa anacheka na analia kwa wakati mmoja, uso wake ukiwa wa kijana mdogo sana.

Bibi peke yake hakukimbia. Alisubiri gari lisimame, akalikaribia, akainua mkono, akaigonga madigadi ya kulia kwa kifundo cha kidole. Ikalia ngoma. Mwenye mizani akasogea karibu.

"Huu ni mti," alisema Bibi.

"Ndiyo, Mama," alijibu Baba.

"Mti, Shangazi," alisema Baba Siwema. "Mwepesi."

Bibi akaigonga tena, akasikiliza, kama anavyosikiliza mtungi kabla ya kuununua. Kisha akamgeukia yule wa mizani.

"Baba, nimekusumbua bure. Mimi nilisema litoke. Sikusema litoke limevaa nini."

Akafungua mlango, akakunja kitenge, akaketi kiti cha abiria, akatazama mbele. "Haya, twende Newala," alimwambia Baba. "Na usikanyage kuku."

Bibi na Baba Siwema sasa wamelala Mkunya, si mbali na ile stoo. Gari tulilishusha Masasi, na ile madigadi imepasuka mara kadhaa, ikazibwa, ikapakwa rangi upya kila baada ya masika. Ndiyo iliyomfanya mdogo wangu, mtu wa vitu sahihi, ahangaike mpaka akapata ile ya kweli.

Pale uani Mkomaindo, Baba aliikagua kama anavyokagua yote. Alikunja jicho akatazama ukingo, akapima unene wa bati kwa gumba na kidole, akatazama nyuma kwenye maungio kama wamechomelea kwa uvivu. Akatoa sumaku yake, ileile, na kitambaa kilichobadilishwa mara nyingi. Ikanasa kila mahali.

"Ni nzuri," alisema. "Hawa watu wanajua kazi."

Wakafungua ya mti, wakaifunga ya bati. Matundu yote yalilingana. Mdogo wangu akarudi nyuma, akashika kiuno. Baba naye akarudi nyuma. Alisimama muda mrefu, kisha akaenda, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Ikatoa sauti ya bati.

"Fungua," alisema.

"Baba, imekaa vizuri."

"Imekaa vizuri sana. Fungua, uniletee ile nyingine. Na vile vipande vya tyubu usivitupe."

Ile ya bati imetundikwa ukutani gerejini, imepakwa mafuta, haina hata mkwaruzo. Mafundi wanaopita husimama wakaitamani. Wiki iliyopita mmoja wao alimwuliza Baba mbona kipande kizuri namna ile kinakaa ukutani, na gari liko uani linatembea na mti. Baba hakuinua kichwa kutoka kwenye msasa.

"Ile?" alisema. "Ile ni spea."